Mkanda wa Fundi Bushiri

Kwanza fundi Bushiri alililaumu benchi. Alikuwa amelikalia miaka kumi na minane, barazani karibu na soko la Iringa, akikanyaga cherehani. Ubavu wake wa kushoto ulipoanza kuungua kana kwamba mtu ameweka pasi ya mkaa, aliona sababu ndiyo hiyo. Akaweka mto. Siku ya pili akailaumu baridi ya Julai na kuvaa sweta, lakini kila sweta lilipogusa ngozi, alishtuka. Siku ya tatu akayalaumu maharage.

"Maharage tumekula wote, Baba Mwantumu," alisema mkewe, Mwanakhamisi. "Mbona mimi siungui?"

Jumapili vipele vikatoka. Vilikuwa vidogo, vyenye maji, vimesongamana juu ya ngozi nyekundu. Vilifuata mstari mmoja kama mshono, kutoka uti wa mgongo, chini ya mbavu za kushoto, hadi kitovuni. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Mteja aliyekuja kuchukua koti lake alitazama, akalikunja koti upesi.

"Mkanda wa jeshi huo, fundi," alisema. "Ncha zikikutana, mtu amekwisha. Vifungo nitavishona mwenyewe."

Jumatatu Bushiri akaenda zahanati. Dresa aliitwa Anyitike, Mnyakyusa mmoja asiye na haraka.

"Utotoni uliumwa tetekuwanga?"

"Niliumwa."

"Basi ni huyo huyo, karudi kwa mlango mwingine. Anakaa upande mmoja tu. Mkanda hauvuki uti wa mgongo, hauvuki kitovu."

Akampa aspirini na chupa ya dawa ya kupaka, nzito, rangi ya waridi. Akamwambia asitumbue vipele, aweke kitambaa safi chenye maji baridi pale panapochoma, avae nguo pana.

"Na usimkaribie mtoto mchanga mpaka magamba yakauke na kudondoka," alisema. "Wiki mbili, hata tatu. Utamwambukiza tetekuwanga. Maumivu yenyewe yanaweza kukawia zaidi, yasikutishe."

Hilo la mtoto ndilo lililomwuma Bushiri kuliko ubavu. Binti yake Mwantumu alikuwa amejifungua huko Mbeya wiki mbili zilizopita. Mtoto huyo alikuwa mjukuu wa kwanza, na Bushiri alipanga kwenda kumwona siku ya arobaini. Sasa kila saa alijiuliza kama atafika arobaini hiyo. Dresa alisema atafika. Mteja alisema hafiki. Bushiri hakuwa mtu wa kupokea maneno pale ambapo futi ipo.

Akachukua futi yake ya kupimia. Vipele havikugusika, kwa hiyo akapima sehemu iliyobaki wazi, kutoka ncha ya mbele kuzunguka upande wa kulia hadi ncha ya nyuma, mkewe akimshikia. Akaandika kwa chaki kwenye mlango wa kabati. Jumatatu, inchi kumi na tisa. Jumanne, kumi na nane na robo tatu. Jumatano, kumi na nane na robo. Alhamisi asubuhi, kumi na saba na robo.

Akakaa mbele ya kabati akihesabu.

"Mkanda unaongeza mwendo," alimwambia mkewe. "Robo, nusu, inchi nzima. Kesho mbili, Jumamosi nne, Jumapili nane. Jumatatu umefunga."

"Dresa alisema hauvuki."

"Dresa hana futi. Na kama amekosea juu ya mkanda, amekosea na juu ya mtoto. Kesho napanda basi la Mbeya nikamwone mjukuu wangu ningali hai."

"Ukimwambukiza je?"

"Nitamtazama kwa mbali."

"Wewe? Kwa mbali?"

Bushiri alianza kukunja nguo zake ndani ya kikapu. Mwanakhamisi alijua kwamba mgonjwa hakaripiwi na mkewe, wala na jirani. Anayeweza kumkaripia ni mtani wake. Akajifunga khanga, akateremka Ipogolo kumtafuta Crispin, mkulima wa vitunguu, Mhehe. Bushiri alikuwa Mngoni wa Songea, na Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya babu zao.

Alasiri Crispin akasimama mlangoni, jembe begani.

"Nasikia Mngoni anakufa. Nimekuja kuchagua mahali pa kuchimba."

"Ingia, Mhehe. Futa miguu kwanza."

"Babu zangu walihangaika bure na mikuki. Kumbe vipele vingetosha."

"Babu zako walikuwa wanakimbia. Mikuki walishika saa ngapi?"

Crispin akaketi, akatazama chumba kama mtu anayechagua samani. "Ile suruali yako ya kijivu ya sikukuu ya Idi iko wapi? Nguo za marehemu ni za mtani, desturi unaijua."

"Sijafa."

"Najua. Ndiyo maana nimewahi. Vaa nione kama kiuno chake kitanitosha. Ukishakuwa kaburini nitamwuliza nani?"

"Itagusa vipele."

"Ishike mbali na mwili, halafu iachie taratibu. Dakika moja tu, mtani. Usiwe mchoyo mpaka mwisho."

Bushiri aliona hata kubishana kunachosha. Akaivaa suruali juu ya msuli, akafunga kifungo huku ameishika mbali na ubavu, akaiachia. Suruali ikashuka moja kwa moja hadi kwenye vifundo vya miguu.

Aliyeanza kucheka ni Mwanakhamisi.

"Hiyo uliikata inchi ngapi?" Crispin aliuliza.

"Thelathini na nane."

"Kwa kiuno cha nani?"

"Changu."

"Jumatatu mkanda uliishia wapi mbele?"

"Kitovuni."

"Na leo?"

Bushiri akainamisha kichwa, akatazama. Alitazama kwa makini, kama atazamavyo mshono wa fundi mwingine.

"Kitovuni," alisema.

"Na nyuma ni pale pale kwenye uti," mkewe aliongeza. "Haujasogea hata unywele."

"Basi mkanda umetulia," Crispin alisema. "Anayepungua ni wewe. Umekula nini tangu Jumapili?"

"Chai."

"Na ukijipima unavuta tumbo ndani?"

"Futi ni ya baridi."

Hata hivyo Bushiri alitaka kuhakikisha. Mkewe akaipitisha futi juu ya vipele bila kuvigusa. Mkanda nao ulikuwa inchi kumi na saba na robo, nusu kamili ya kiuno. Ungekuwa unasonga mbele, ungekuwa mrefu kuliko sehemu iliyobaki wazi. Akaketi kitandani, suruali ingali miguuni.

"Kesho ningemshika mtoto yule," alisema polepole. "Nisingeweza kumtazama kwa mbali. Nisingeweza."

Mwanakhamisi akaleta ugali na yale maharage, na Bushiri akala sahani mbili. Crispin aliondoka na jembe lake, na suruali ya kijivu.

Bushiri alifika Mbeya siku ya arobaini. Magamba yalikuwa yamedondoka siku tisa kabla, na Anyitike alikuwa amemkagua na kumruhusu. Ubavu ulimchoma kila basi lilipoingia kwenye shimo, naye aliuwekea kiganja na kungoja maumivu yapite. Mwantumu alipomweka mtoto mapajani pa baba yake, juu ya kanzu, Bushiri alitoa futi mfukoni akampima kiuno, kisha akampima tena, maana mara ya kwanza mtoto alikuwa amevuta tumbo.

"Baba," Mwantumu alisema, "mbona hukuvaa ile suruali ya Idi?"

"Imerithiwa."

"Na nani?"

"Mtani wangu, Mhehe wa Ipogolo."

"Lakini wewe hujafa."

"Nilimwambia," alisema Bushiri. "Akasema atasubiri akiwa ameivaa."