Usingizi wa Limbu

Limbu alikuwa mpangaji mwenzangu pale Soweto, Mbeya, chumba chake kimepakana na changu. Kazi yake ilikuwa kuoka mikate usiku kwa Fidahussein, na mchana ndiyo alale. Alale wapi sasa? Ua umejaa wapangaji, kila mtu na watoto wake, kuku wake na mdomo wake. Na usingizi wa Limbu mwepesi ajabu. Kuku akijikuna tu, yeye yuko macho.

Natwanga mahindi, mlango unafunguka, anachungulia na macho mekundu. "Dada Helena, polepole basi."

"Polepole ndiyo vipi? Mahindi hayajui polepole!"

Sikuwa na ubaya naye, ndivyo nilivyo. Anacheka kidogo, anarudi ndani.

Alijaribu kila kitu, maskini. Akaziba masikio kwa pamba, zikamwasha. Akatundika gunia dirishani chumba kiwe giza, akabaki anatusikiliza gizani. Akaacha chai, akawa anakunywa maziwa ya moto kama alivyozoea kwao Usangu, kwa Wasukuma wale waliohamia na ng'ombe wao. Wapi! Akahamishia kitanda ukuta wa pili, sasa akawa anasikia na wanaokwenda chooni. Nikamwambia amlete mke wake, mtu akilala na mwenzake hutulia. Akasema Ng'washi yuko na ng'ombe, atakuja mvua zikiisha. Mvua zikaisha, zikanyesha tena, zikaisha.

Ndipo akasinzia mbele ya tanuri na mikate ikaungua. Fidahussein si mtu wa kelele. Alimwambia tu kwamba ikiungua tena, asihangaike kurudi kazini.

Asubuhi moja Limbu akasimama katikati ya ua, mikono inaning'inia. "Jamani, nimefiwa. Ng'washi."

Mchi ulinitoka mkononi. Nililia mimi, nikamlilia mwanamke ambaye sijamwona hata siku moja! Limbu akasema habari zimechelewa kumfikia, Usangu maji yamejaa njiani, na kuzika wameshazika.

Sasa sikiliza. Ua wetu ukiingia msiba hakuna kutwanga, hakuna redio, hata watoto tunawafinya wanyamaze. Hilo Limbu alilijua, alishaliona. Asichokijua ni kwamba kwetu mfiwa haachwi peke yake. Mpaka matanga yaondolewe, watu wanalala naye. Tukamwingilia na mikeka, wanaume huku, wanawake kule. Alitutazama kama mtu aliyevamiwa.

Halafu akalala. Loo, alilala yule! Tulikuwa tumebanana, huyu anakohoa, yule anakoroma, mtoto analia, vikombe vya chai vinagongana, na yeye katikati yetu fofofo. Unamruka miguu, haamki. Fidahussein alishampa ruhusa ya msiba, basi usiku, mchana, analala tu, anaamka kula, anatutazama mmoja mmoja, analala tena. Nikasema mtu huyu huzuni imemmaliza.

Siku ya tatu mchana akaja mdogo wake, Seni, na kibuyu cha maziwa mgando. Nikampokea nje na machozi yangu. "Pole, baba, pole sana na msiba wa shemeji yako."

"Shemeji yangu yupi?"

"Ng'washi!"

Akanitazama kana kwamba nimelewa. "Mbona Ng'washi nimemwacha juzi gulioni, Rujewa? Alikuwa na mume wake."

"Mume wake si Limbu?"

"Huyo aliyemwoa sasa. Aliondoka kwa kaka zamani. Hakuwaambia?"

Ebo! Damu ilinipanda kichwani. Kumtangazia kifo mtu aliye hai, uchuro wa namna gani huo? Na machozi yangu? Niliingia ndani, nikamtikisa bega mpaka akafumbua macho. "Amka, mwongo mkubwa wewe! Umetulaza chini kwa ajili ya mtu anayetembea gulioni!"

Chumba chote kikaamka. Limbu akamwona Seni mlangoni, akaelewa. Hakubisha. Akakaa kitako, akajifuta uso.

"Nilitaka mnyamaze tu," akasema. "Siku mbili tatu nilale, nisipoteze kazi. Sikujua mtakuja."

"Na Ng'washi je? Amekukosea nini hata umuue?"

"Aliniacha, dada. Angekufa kweli, mngekuja kukaa nami. Kwa kuwa ameolewa, ningemlilia na nani?"

Watu wakaanza kukunja mikeka, na wa kwanza nilikuwa mimi. Hasira zilikuwa zimenijaa hadi hapa. Limbu akashika ncha ya mkeka wangu.

"Nigombeze, dada Helena. Nigombezeni wote, nimekosa. Ila nigombezeni humu humu ndani. Msiondoke."

Niliuvuta mkeka, nikatoka, na wengine wakanifuata. Hata Seni alitoka kwa aibu, akaondoka na gari la jioni. Siku ile ua mzima ulikuwa kimya, hakuna aliyetwanga wala aliyemsemesha Limbu, na mimi nimekaa chumbani kwangu nikimsikia anajigeuza, anajigeuza, mpaka saa ya kwenda kazini ikafika.