Pembetano wa Chepseon

Wajuu walipofika Chepseon, watu hawakushangaa kwa muda mrefu. Siku ya kwanza walipiga nduru, siku ya pili wakapiga picha, siku ya tatu mtu akauliza kama kuna tenda. Walikuwa wametoka nyota ambayo jina lake lilihitaji koo mbili kulitamka, ndiyo maana wakaitwa Wajuu tu, na kila mmoja wao alikuwa na mikono minne. Pale kwenye kituo cha kupimia chai akina mama waliitazama ile mikono, wakaanza kukadiria kimyakimya Mjuu mmoja angechuna kilo ngapi kabla ya saa nne.

Lakini Wajuu hawakuja kuchuna chai. Walikodi shamba lililoachwa na kampuni moja ya zamani, wakajenga humo bustani ya wanyama. Mkubwa wao alihamia kwenye nyumba ya zamani ya meneja wa kampuni, bangla yenye maua, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa anaitwa Meneja. Naye, kama mameneja wote waliomtangulia katika nyumba ile, hakuonekana nje ya veranda kabla ya saa tatu.

Wanyama wengi hawakuwa wa kukimbiliwa. Mmoja alifanana na blanketi lililoloa. Mwingine ilisemekana huonekana Alhamisi peke yake. Aliyewavuta watu kutoka Sigowet hadi Bomet alikuwa Pembetano. Alikuwa mkubwa kama lori la majani chai, ngozi yake rangi ya udongo uliopigwa na mvua, na alikuwa na pembe mbili juu ya macho, mbili mashavuni, na moja fupi puani iliyopinda kama mpini wa mwavuli. Kibao cha Wajuu kilieleza kwamba mababu zake walichukuliwa kutoka mteremko huohuo miaka milioni sabini iliyopita, kwa ajili ya kuhifadhiwa, na kwamba sasa amerudishwa kwao.

Kibao hicho ndicho kilichozua maneno. Je, huyu ni mwenyeji au ni mgeni? Wazee walitaka kujua ni wa ukoo gani. Chifu alisema hawezi kumwandikia barua ya makazi mpaka apatikane mtu aliyemjua babu yake.

Nyathira, mkulima wa kabeji, aliyafuata mabishano hayo kwa makini kuliko watu wengine. Baba yake alifika Chepseon kutoka mbali na jembe moja na miche ya kabeji. Yeye mwenyewe alizaliwa hapo, akaolewa hapo, akamzika mumewe Chege hapo, na Kikipsigis, lugha ya wenyeji, alikijua kiasi cha kugombana kwacho bila kutafuta neno. Hata hivyo, kila baraza lilipokaa alikuwa bado "huyu mama yetu mgeni". Alikisoma kile kibao mara mbili, akasema moyoni: kama miaka milioni sabini haitoshi, basi hii yangu hamsini na sita ni bure.

Yeye ndiye aliyempelekea Pembetano kabeji. Kila asubuhi alifika na mkokoteni wa punda, akazitoa moja moja, na yule mnyama akazipokea kutoka mkononi kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kuonekana ana njaa. Arobaini kwa siku, na hata majani ya nje mnyama hakuyaacha.

Ndipo mheshimiwa wa wadi, Bethwel, alipoleta bango.

Bethwel hakuwa amehusika na bustani ile hata kwa kupitia karibu. Siku ilipofunguliwa, alikuwa kwenye mazishi Soin. Lakini bango lilikuwa na upana wa ukuta wa darasa, na juu yake sura yake ilikuwa inatabasamu kwa meno yote aliyojaliwa pamoja na mawili matatu yaliyoongezwa na studio. Chini paliandikwa: MRADI HUU UMELETWA KWENU NA MHE. BETHWEL. Lilitundikwa mbele ya kizimba cha Pembetano, uso kwa uso, ili kila apigaye picha kutoka ubavuni awapate wote wawili.

Siku hiyo Pembetano aliacha kabeji saba. Siku ya pili aliacha zote. Siku ya tatu Nyathira alimkuta amelala pembeni kabisa, pua imeelekea ukutani.

Akaletwa daktari wa mifugo, akampigapiga tumbo, akasema ni gesi. Akaletwa mtaalamu kutoka chuo, akasema ni kukumbuka kwao. Alipokumbushwa kwamba hapa ndipo kwao, akasema basi ni baridi. Kanisa lilimwombea. Bethwel aliunda kamati ya watu kumi na mmoja, yeye mwenyekiti, na kamati ikaona vyema iende Pwani siku sita kujifunza jinsi wanyama wakubwa wanavyotunzwa. Ilirudi na korosho, na ripoti ya kurasa mbili.

Wakati huo Nyathira alikuwa anatazama. Aliona kwamba Pembetano kila akigeuka na kuliona bango, anainamisha pembe, kisha anarudi kinyumenyume. Asubuhi moja ukungu ulishuka mzito mpaka mtu hakuona punda wake mwenyewe. Pembetano akaamka, akala kabeji tatu. Jua lilipotoka na ukungu ukapanda, yale meno yakajitokeza upande wa pili, na ya nne akaidondosha.

Nyathira alienda moja kwa moja kwa Meneja.

"Mnyama haumwi," alimwambia. "Anaogopa hiyo picha. Mtu akikuonyesha meno hivyo tangu asubuhi mpaka jioni, wewe ungekula?"

Meneja alikunja mikono miwili, akajikuna kichwa kwa wa tatu. "Kwetu, kuonyesha meno ni kutangaza kwamba utamla mwenzako. Nilidhani kwenu ni tofauti."

"Inategemea mwenye meno. Sasa mtaitoa?"

"Tuliambiwa bango ni sharti la kibali. Niliuliza kama linaweza kusogezwa kidogo, nikajibiwa lazima wananchi watoe maoni."

Baraza la maoni likaitishwa. Nyathira alisimama, akaeleza aliyoyaona, la ukungu pia. Bethwel alimwacha amalize, kisha akatabasamu, na kwa bahati mbaya tabasamu lilikuwa lilelile.

"Mama, tunashukuru," alisema. "Lakini mambo ya huyu mnyama ni ya wenyeji. Wewe tuletee tu kabeji."

Wachache wakacheka. Nyathira alikaa chini, masikio yanawaka. Maneno hayo alikuwa ameyasikia tangu utotoni, kisimani, shuleni, hata kwenye foleni ya kupima chai, na bado hajajua pa kuyaweka yakifika.

Kesho yake kabla ya saa kumi na mbili, alipofika na mkokoteni, alimkuta mwanamke amesimama langoni na ngazi. Alikuwa Chepchirchir, mke wa Bethwel, ambaye alikuwa ameimba naye kwaya ya kanisa miaka ishirini.

"Chamgei, Mama Muriuki," alisema Chepchirchir, akimsalimu kwa Kikipsigis na kumwita kwa jina la mwanawe.

"Chamgei. Hiyo ngazi ni ya nini?"

"Nilikuja jana jioni kumwona mnyama. Mbavu zinahesabika." Alilitazama bango, akavuta pumzi. "Hiyo picha iko na ndugu yake kwa sebule yangu. Mimi huwa nakula jikoni."

Hawakulitoa bango, kwa maana kulitoa kulihitaji kibali. Waliligeuza. Chepchirchir alipanda, Nyathira akashika ngazi, na baada ya kuhangaika na kamba, Bethwel akawa anatabasamu upande wa barabara kuu. Pembetano aliinua kichwa, akautazama mgongo mweupe wa bango kwa muda mrefu. Kisha akaja. Alikula kabeji zote za mkokoteni, na kapu alilowekea Nyathira chakula chake cha mchana akalila pia.

Wiki hiyo Bethwel alitangaza redioni kwamba ripoti ya kamati imefaulu, na kwamba yeye mwenyewe ameamua kuwageukia wananchi. Nyumbani hakuuliza nani aligeuza bango. Ngazi ilikuwa ya kwake, na ilirudi na matope.

Meneja alimwomba Nyathira awe mlishaji wa kudumu. Fomu ilitaka barua ya chifu kuthibitisha kwamba ni mkazi wa hapo. Chifu akasema atalifikiria. Meneja, ambaye alikuwa ameanza kuizoea nchi, aliiweka fomu chini ya kikombe cha chai na kumwambia aanze Jumatatu.

Ilikuwa alasiri moja, wageni wamepungua, Bethwel alipokuja bila dereva wala mpiga picha. Alisimama mbali na uzio.

"Mama Muriuki," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Niambie ukweli. Ilikuwa picha yangu?"

Nyathira aliendelea kupasua kabeji. "Ilikuwa meno, mheshimiwa. Si wewe wote."

Nyathira akamkatia jani moja, akampa. Bethwel alilishika kwa ncha za vidole, akasogea, akalipitisha kwenye uzio. Pembetano alirudi hatua mbili, akanusa hewa.

"Ananikumbuka," Bethwel alinong'ona.

"Funga mdomo kwanza. Halafu ngoja."

Bethwel alifunga mdomo. Alingoja muda mrefu kuliko alivyowahi kungojea kitu chochote tangu achaguliwe, mkono umenyooka, mabega yameanza kuchoka. Mwishowe Pembetano alikuja polepole, akalichukua lile jani bila kumgusa. Bethwel akacheka, midomo imebanwa, mashavu yamefura kama ya mtoto aliyejaza viazi mdomoni, na Nyathira akamkatia jani jingine.