Sahihi ya Marehemu

Jumatatu asubuhi fundi wa kompyuta wa hospitali alitua mkoba wake juu ya printa mbovu, akawasha feni, akapakua toleo jipya la programu inayoendesha mashine za dripu. Kabla ya kuliweka, akahakiki sahihi yake kama kawaida. Mtengenezaji huitia programu sahihi kwa ufunguo wa siri alio nao peke yake. Wengine, kwa ufunguo wake wa umma, huthibitisha kwamba imetoka kwake na haikuchezewa njiani.

Kompyuta ikajibu: sahihi ni halali. Jina lilikuwa la mumewe. Tarehe ilikuwa ya jana.

Mumewe alizikwa kabla ya mvua. Aliangukia mezani kwake kwenye kampuni ya programu, na nywila ya ufunguo ule, ambayo hakuwahi kuiandika popote, akaondoka nayo.

Fundi akaenda kwa mganga mkuu.

“Sahihi inakubali?” mganga mkuu aliuliza bila kuinua kichwa.

“Inakubali, daktari. Ila mwenyewe ni marehemu.”

“Pole sana, mama. Basi iweke, wodi ya watoto wanaisubiri.”

Akaiweka.

Jioni mumewe akaingia sebuleni, magoti yamejaa udongo. Mama mkwe alikuwa amemaliza kupiga deki.

“Viatu nje,” alimwambia mwanawe, kisha akamsogezea kiti. “Umekonda.”

“Kazi, mama.”

“Hata huko hawakuachi?” mkewe aliuliza.

“Ufunguo ninao mimi tu. Nilipokuwa hai niliwaomba wamfundishe mtu mwingine, wakasema bajeti haitoshi.” Alijifikicha macho. “Ubatilishe, mke wangu. Nimechoka.”

Uwezo huo alikuwa amemwachia mkewe. Ufunguo ukishabatilishwa, hakuna mashine itakayoiamini tena sahihi yake, naye angelala. Lakini wauguzi walikuwa wamegundua kwamba toleo lile lina kosa, linazidisha dawa kwa watoto wachanga, wakawa wanahesabu matone kwa mkono, na marekebisho yasingepita bila sahihi.

Kesho yake fundi aliipigia kampuni simu.

“Mtafuteni mtu mwingine, mume wangu apumzike.”

“Dada yangu, tunakuelewa,” meneja alisema kwa upole. “Ila sisi hatujaona tatizo. Tangu afariki hajachelewa hata mara moja.”

Fundi alikaa mbele ya kompyuta mpaka chai ikapoa. Ng'ambo ya ukuta mtoto alikuwa akilia kwa sauti nyembamba ya mtu aliyelia sana. Ufunguo hakuubatilisha. Alhamisi marekebisho yakaja, sahihi halali, akayaweka.

Jioni ile mumewe alirudi na habari kwamba wamemwongezea na programu za maabara.  Mkewe alimvua soksi, akamwekea mto kisogoni, na mama mkwe akapunguza sauti ya redio. Akasinzia mdomo wazi, kama zamani.

Simu ya kampuni ikaita. Wanawake wote wawili waliitazama, hakuna aliyeigusa. Marehemu akaamka mwenyewe, akaomba radhi, akatoka huku akifunga vifungo vya shati.