Simu ya Tisa

Jumanne, saa nne asubuhi, fundi Danstan alisimama juu ya kinu kilichopinduliwa, kwa sababu kiti pekee cha nyumba ile kilikuwa na miguu mitatu ya kweli na mmoja wa kusingizia. Akasoma karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa ruta. Ruta ilitundikwa ukutani, kati ya picha ya Bikira Maria na kalenda ya mwaka juzi. Chini yake Marsiana alikuwa kakaa mkekani na ungo, anachambua maharage.

"Bibi, neno la siri uliweka lipi?"

"Sikuweka."

"Hukuweka kabisa?"

"Jirani akija kuomba moto, wewe humwuliza neno la siri?"

Danstan akarudi kwenye karatasi yake. Naye ni mzaliwa wa Runazi, na Runazi pia nyumba inayomnyima jirani moto hupikwa kwenye midomo ya watu mpaka iive. Marsiana, mwenye miaka sitini na minane, alipoletewa mtandao ule na binti yake Scolastica wa Dodoma, ili wawe wanaonana nyuso, aliona una vitaa vyekundu vinavyometameta, akauhesabu katika fungu la moto. Hakuufunga.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Nyumba yake iko kando ya barabara ya Rusumo, ukishatoka Nyakahura na kabla hujaiona Lusahunga, na madereva wa malori wakajua kuegesha pale wakatazama filamu. Adventina, muuza ndizi za kuchoma, akahamishia jiko lake chini ya dirisha. Mtandao ukawa mzito kama ugali wa msibani. Scolastica akipiga, uso wake hukwama mdomo wazi, kama mtu anayeng'olewa jino. Mwisho akasema, "Mama, funga huo mtandao. Mtu akifanya uovu humo, watakaofuata watakufuata wewe." Akamtuma Danstan kutoka Biharamulo mjini.

Danstan akateremka kinuni, akafungua orodha kwenye simu yake, akaisoma kama mwalimu anayeita mahudhurio. Simu ya Marsiana. Simu mbili za Adventina. Simu nne za madereva. Simu ya mzee Anatoli, jirani. Nane.

"Na ya tisa imeandikwa Wiston Utingo. Huyu ni nani?"

"Mwanangu."

"Yuko ndani?"

"Ana miaka mitatu hajaonekana."

Danstan akasogeza kidole. "Hapa anaonekana. Aliingia siku ileile ruta ilipowashwa, saa nne na dakika sita. Wewe mwenyewe uliingia saa nne na dakika tisa."

Marsiana akatoa kijiwe kwenye maharage, akakirusha nje. "Alikuwa na haraka tangu tumboni," akasema. "Anaangalia nini humo?"

"Vitu vichache. Matokeo ya mpira. Hali ya hewa."

"Hali ya hewa ya wapi?"

"Ya hapahapa."

Wiston alikuwa utingo kwenye lori la mzee Anatoli. Miaka mitatu nyuma lori lilirudi na dereva peke yake, na Anatoli akatangaza kwamba kijana kauza magunia thelathini ya maharage njiani, huko Kahama, akatokomea. Dereva naye alihama baada ya wiki mbili. Tangu hapo watu waliacha kumwita Marsiana Mama Wiston, wakamwita Mama Scola, na walifanya hivyo kwa upole, kama mtu anayekufunika nguo iliyochanika. Msiba haukuwekwa, kwani hapakuwa na maiti. Wala hakutafutwa, kwa kuwa aliyetoroka na mali ya watu, mama yake hapigi mbiu.

"Bibi," akasema Danstan, "ruta hii haina miguu mirefu. Hatua arobaini. Penye kuta, thelathini."

"Basi twende tukazihesabu."

Simu ya Danstan ilikuwa na kitu cha kunusa simu nyingine. Ikiwa mbali inaonyesha kijiti kimoja, ikikaribia vinaongezeka mpaka vinne. Walipita nyuma ya choo, hakuna kitu. Kwenye mihogo, kijiti kimoja. Adventina akawaona wanavyonyatia.

"Mmepoteza kuku?"

"Tunamtafuta Wiston," akasema Marsiana.

"Eee. Mkimpata mwambieni sahani yangu ya bati bado anayo." Akageuza ndizi zake. Kisha akauliza, "Na huko aliko anachajia wapi?"

"Hatujafika, tutamwuliza."

Ukutani mwa ghala la mzee Anatoli vijiti vikawa vitatu. Mlango ukafunguliwa na Anatoli mwenyewe, mzee mnene mwenye sauti laini, ambaye kila Jumapili husoma somo la kwanza kanisani na hakosei hata majina ya Wafalme.

"Shikamoo mzee," akasema Danstan.

"Marahaba. Karibuni. Mama Scola, habari za kwako?"

"Nzuri. Tumemfuata Wiston."

"Piteni tu."

Kwenye kona, penye mzani wa magunia, vijiti vikawa vinne. Danstan akarudi hatua moja, vikawa vitatu. Akasogea tena, vinne. Wote watatu wakatazama chini.

Sakafu ilikuwa nzuri. Ilimwagwa wiki ileile lori liliporudi. Anatoli aliita msaragambo, kazi ya pamoja ya majirani, na msaragambo ukiitwa, jirani haulizi kwa nini mtu kaamka ghafla na haja ya sakafu, anabeba ndoo. Ilikorogwa na kumwagwa asubuhi moja, na kona ya mzani watu waliikuta imeshajazwa kifusi na kushindiliwa tayari. Marsiana alileta maji ndoo kumi na moja. Mchana wakala wali na nyama ya mbuzi, yeye akaongezwa mchuzi, na Anatoli akasimama kushukuru akasema sementi bila maji ya kutosha hupasuka, lakini hii haitapasuka.

Haikupasuka.

"Yuko hapa," akasema Danstan.

Anatoli akakuna shingo. "Alipenda mno simu kijana yule," akasema. "Nilikuwa namwonya."

"Nataka kumtoa nikamzike," akasema Marsiana.

"Mtandao ni wako, mama. Sakafu ni yangu."

Akawasindikiza mpaka mlangoni, akampa Marsiana papai.

Kesho yake akaja Priscila, mwenyekiti wa kitongoji, pamoja na askari aliyempakia nyuma ya pikipiki yake. Wakakaa, wakapewa chai, wakaonyeshwa orodha. Priscila aliisoma mara mbili, kwa kuwa ni mtu wa haki. Akasema sakafu haivunjwi bila barua, barua haiandikwi bila ushahidi, na orodha haina mhuri. Askari akauliza kama marehemu aliwahi kuisajili laini yake kwa alama za vidole. Marsiana akasema vidole anavyo, viko hapo jirani. Askari akaandika: vidole vipo.

"Lililo wazi ni moja," akasema Priscila. "Mtandao una mtu asiyeeleweka ndani yake, na mwenye mtandao ni wewe, mama yangu. Ufungwe Jumamosi, kabla jua halijazama. Usipofungwa, ruta tunaichukua."

"Na aliyemweka pale?"

Priscila akatazama chai yake. "Hilo ni suala la sakafu," akasema.

Jumamosi asubuhi Danstan akarudi. Akaeleza kwa utaratibu, kama anayemweleza mgonjwa habari za upasuaji. Akiweka neno la siri, wote tisa watatoka kwa pamoja. Anayetaka kurudi ataliandika neno, herufi kwa herufi.

"Na yeye?"

"Na yeye."

"Atalijuaje?"

"Hilo, bibi, chuoni hatukufundishwa."

Akamshauri neno liwe refu, liwe na herufi kubwa na ndogo na tarakimu, lisiwe jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa, na asimwambie mtu. Marsiana akafikiri muda wa kuiva chungu cha mahindi, kisha akamnong'oneza. Neno lenyewe halitaandikwa hapa, maana hata wanaosoma wana simu.

"Usibonyeze kwanza," akasema. "Nina maharage ya kupima."

Akajitwika nusu debe kwenye ungo mpaka ghalani. Anatoli alipokuwa anagombana na mzani wake, ungo ukainama mkononi mwa Marsiana, maharage yakatawanyika konani. Akapiga magoti kuyaokota. Aliokota polepole sana. Mdomo wake ukiwa karibu na sementi, akasema neno lote, herufi kubwa akisema kubwa, ndogo akisema ndogo. Akalirudia. Akalirudia tena, kwa sauti ileile aliyotumia zamani kumtuma dukani chumvi na viberiti, maana alikuwa mtoto wa kurudi na kimoja.

"Unasali, mama?" akauliza Anatoli.

"Naokota."

Aliporudi, Danstan akabonyeza. Dirishani Adventina akapiga yowe, kwa kuwa mchungaji wake wa kwenye simu alikatika katikati ya baraka. Dereva mmoja akamtukana mtu asiyejulikana. Orodha ikawa tupu. Danstan akaiingiza simu ya Marsiana: moja. Wakakaa. Danstan akanywa chai, akamaliza, akakataa nyingine, akaletewa nyingine. Jua likasogea kutoka mlangoni mpaka kwenye kinu.

Ndipo orodha ikaongeza mstari. Wiston Utingo.

"Alikosea mara mbili," akasema Danstan, akisoma. "Ya tatu ndiyo kapatia."

"Ni yeye," akasema Marsiana. "Ni yeye kabisa."

Mahindi yalipovunwa, Anatoli alipanga magunia konani mpaka kwenye kenchi za paa, na katika orodha, ambayo Danstan alimwekea Marsiana simuni, vijiti vya Wiston vikashuka kutoka vinne hadi kimoja. Marsiana akaihamisha ruta, akaitundika ukuta wa upande wa ghala. Malori yakaja yakayachukua mahindi kuelekea Rusumo, vijiti vikapanda tena. Wakati huo Anatoli naye alishaona faida ya mtandao. Akanunua ruta kubwa yenye pembe nne, akaitundika juu ya mzani, akaiacha wazi bila neno lolote, ili wenye mazao wavutike. Danstan ndiye aliyeiunganisha. Ndiyo kazi yake. Akapita kumjulisha Marsiana kwamba simu kwa kawaida hukimbilia mtandao wenye nguvu zaidi, ajiandae.

Marsiana akajiandaa. Alitazama orodha Jumatatu, akaitazama Jumanne, akaitazama wiki nzima. Wiston hakuhama.

Waliohama ni wengine. Ghala likiwa tupu, majirani walikuja na simu zao wakakaa sakafuni, migongo ukutani, wakamsifu Anatoli kwamba hana choyo kama watu fulani. Jumapili alasiri Marsiana alipita na kuni zake. Mlango ulikuwa wazi, mpira ulikuwa unaanza, na Adventina alikuwa amenyoosha miguu kwenye kona ya mzani.

"Mama Scola! Njoo huku, ni bure! Na sakafu ina ubaridi wake!"

"Sogea kidogo," akasema Marsiana. "Umemkalia."

"Uwii, samahani," akasema Adventina. Akasogea, akampisha, wakaendelea kutazama mpira.