Jembe Chini

Mimi na dada yangu Siwema tuliacha kusemezana siku aliyozikwa mama yetu, Bi Mwanahalima, hapa Ndagoni. Miezi saba kila mmoja wetu alikuwa akisema na kuku. Yeye ana jogoo wake, mimi nina mtetea wangu, na nyumba ni moja, ya mama, niliyorudi kukaa baada ya mazishi.

Kulikuwa na kitu nilichokitaka kwake: maneno ya mwisho ya mama. Nilitaka kujua kama alikufa yuko radhi nami. Kila nilipouliza, Siwema alimgeukia jogoo. "Mwambie, aliyekuwepo ndiye aliyesikia."

Asubuhi ya siku ya mwisho ya Mfunguo Tatu, mwaka wa Kiislamu ukiwa unakwisha, nilimwona anachukua jembe kwenda kupalilia mihogo. Siku kama hiyo mama alikuwa akitukalisha uani, juu ya jamvi, toka alasiri hadi magharibi, kimya, kila mtu ajihesabie mwaka wake. "Jembe chini," alikuwa akisema, basi.

Nikamwambia mtetea, "Umeona? Mama aliusia jembe chini. Hata mwaka haujapita, watu wanakwenda shamba."

Siwema akasimama mlangoni, akamwinamia jogoo. "Kamwambie huyo msomi wa sekondari. Mama alisema kijembe chini. Kijembe, si jembe. Mihogo imemkosea nani? Aliyekuwa akiambiwa ni yeye. Kila mwaka anatoka Kilindoni, anakaa jamvini mikono mitupu, ulimi unalima."

Akaenda zake. Nilibaki na ufagio mkononi. Mama hakuwa na meno ya mbele, na maneno yake mengine yalitoka nusu. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimesikia nilichotaka kusikia. Nikaapa kwamba siku hiyo sitajibu neno, hata kwa kuku.

Aliporudi adhuhuri akaanza. "Jogoo, nusa. Wali umeungua. Watu wa mjini wanakula makaa." Nikanyamaza. "Jogoo, mwenzako leo kawa bubu. Labda kakwamwa na mwiba." Nikanyamaza. Na kila nilipoufumba mdomo wangu niliona jibu lililokuwa tayari ulimini. Lilikuwa lile lile moja, la miezi saba: "Hukunipigia simu."

Jibu hilo lilikuwa uongo.

Siku aliyokufa mama nilikuwa dukani Kilindoni, napimia mteja kitambaa. Simu ikaita, jina la Siwema. Nikadhani ni vijembe vyake vya kila siku, nikaigeuza kifudifudi. Ikaita tena. Nikaizima. Jumanne wa bodaboda ndiye aliyekuja kuniita, na nilipofika mama alikuwa ameshavishwa sanda. Mbele ya watu wote nikapiga ukelele: "Siwema kanificha!" Wakaniamini, kwa kuwa mimi ndiye niliyelia zaidi. Ba'mdogo Shaabani akamshika Siwema mkono, akamtoa chumbani alimolazwa maiti kama mwizi.

Alasiri nilitandika jamvi. Siwema akaja akakaa ncha ya pili, mgongo kwangu. Hatujakaa sana, jirani yetu Safia akapita na ndoo yake, anakwenda kisimani.

"Hodi humu! Mbona kimya leo? Mmekwishauana?"

"Karibu," Siwema akasema.

Safia hakumtazama. Alinitazama mimi. "Pole, shoga. Najua unamkumbuka mama. Mtu akufiche kifo cha mzazi wako, kisha ukae naye jamvi moja! Mimi ningemmwagia uji wa moto."

Siwema akageuza shingo, akanikazia macho. Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Nikanyamaza. Safia akafyonya kwa ajili yangu, akaondoka.

Sijapata kuona kimya kichafu kama kile.

"Niliiona simu yako," nikasema. "Mara mbili. Nikaizima."

"Najua." Hakumtafuta jogoo. "Niliiweka sauti ya juu, mama akawa anaisikia inavyoita. Ilipokatika akasema, 'Mwache, mwanangu ana kazi.' Hakusema tena. Basi nimekuacha. Watu wananitemea mate, nimekuacha, kwa sababu yeye alisema nikuache."

"Kwa hiyo alikuwa radhi nami?"

"Ya mama unayo. Yangu huna, na usithubutu kuiomba. Safia hajafika kisimani."

Niliinuka bila viatu. Nilimkuta njiani.

"Safia!"

"Abee, shoga."

"Dada alinipigia. Mara mbili. Mimi ndiye niliyezima simu."

Alitua ndoo. Macho mabaya aliyokuwa akimtazamia Siwema tangu mazishi yakahamia kwangu. "Na ukatuacha tumtukane muda wote huu? Hata leo, mbele yako?"

"Ndiyo."

"Mwanaharamu wewe. Kesho kijiji kizima kitajua."

"Kijue leo," nikasema, nikampita.

Ba'mdogo Shaabani alikuwa barazani anatia udhu wa magharibi.

"Shikamoo, ba'mdogo."

"Marahaba. Mbona miguu mitupu? Huyo dada yako kafanya nini tena?"

"Hajafanya kitu," nikasema. "Hakupata kufanya. Weka birika chini, ba'mdogo, nikwambie."