Kopi Iliyofungia Njugu

Gichuru aliingia saa nne asubuhi na laptop kwapani, imefungwa kwa taulo ya kuogea, akasimama mlangoni akinitafuta kwa macho na hali nilikuwa nimekaa mbele yake. Ulikuwa mwaka wa pili hatujaonana. Huyu mtu hajui kupiga simu kabla ya kuja, hakuwahi kujua, na mimi nilichoka kumfunza zamani.

"Mama Ciku, uko?"

"Unaniona nimeenda wapi? Keti."

Nina cyber hapa Ruiru, kompyuta sita na mashine moja ya kopi, lakini ukiniuliza kwetu ni wapi nitakuambia ni Thika, kwenye baraza la jengo ambalo halipo tena. Hapo ndipo nilipoanza nikiwa na taipu moja na viti viwili, nikiwaandikia watu barua za kuomba kazi viwandani. Mlango wa pili ulikuwa studio ya Gichuru. Mwisho wa mwezi foleni yake ilifika mpaka mezani kwangu: wasichana walioajiriwa juzi, wamevaa gauni la kuazimana, wanangoja kusimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, mkono mmoja juu ya redio. Redio yenyewe ilikuwa yangu, na kila jioni ilibidi niende kuidai ndipo nisikilize taarifa ya habari. Nazitamani siku zile, sifichi. Nazitamani na vumbi lake, na harufu ya dawa za kusafishia picha iliyokuwa ikipita chini ya mlango. Barabara kuu ilipomalizika nilihamia Ruiru nikifuata wateja, na yeye akabaki.

"Nimeuza negative za studio," akasema.

"Ngapi?"

"Zote. Sanduku kumi na moja. Ziliondoka na ndege wiki iliyopita."

Nilikasirika kana kwamba aliyeuzwa ni mimi. Nikamwambia amepakia Thika nzima kwenye ndege kama kabichi, na kwamba kama angeniuliza ningemtafutia hata stoo. Alingoja nimalize, maana ananijua, kisha akaeleza. Paa la chumba alikozihamishia jengo letu lilipobomolewa lilivuja mvua zilizopita, ukungu ukaanza kula picha, na watoto wake hakuna anayezitaka. Mnunuzi ni Nadira, msichana aliyezaliwa Thika, babu yake akiuza vitambaa, ambaye sasa yuko Kanada akikusanya picha za mji ule ili zikae mahali pakavu. Walijuana kwa barua pepe tu. Alikuwa ametuma pesa kwa benki mara mbili, mara mbili zikarudi. Leo saa kumi jioni angetuma kwa njia nyingine.

"Njia gani?"

"Kripto. Ile imefungwa na dola, haipandi haishuki. Amesema nahitaji waleti, yaani pochi yake, ndani ya brauza, ndiyo nikakuja kwako." Akatazama mikono yake. "Mama Ciku, hizi pesa zikipotea, sina picha na sina pesa. Miaka thelathini na nane imeisha hivyo tu."

Hapo nikaacha kufoka, nikafungua taulo.

Laptop ilikuwa ya mpwa wake, na brauza imejaa takataka: vijiprogramu vya michezo, vya kutafuta bei nafuu, na kimoja ambacho hata mimi sikujua ni cha nini. Nikaving'oa vyote, kwa sababu kijiprogramu kilichojishikiza kwenye brauza kinaweza kukaa hapo kikichungulia unachoandika, na waleti tuliyotaka kuiweka nayo ni kijiprogramu cha aina hiyo hiyo. Nikaisasisha brauza yenyewe. Kugeuka, Gichuru ameshaandika jina la waleti kwenye kisanduku cha kutafuta, na jibu la kwanza lililotokea ni tangazo lenye nembo nzuri na kitufe kikubwa cha buluu. Alikuwa anapeleka kidole. Nikampiga mkono.

"Hiyo imelipiwa ndiyo ikae juu. Mwizi pia ako na pesa ya kulipa."

"Sasa tutajua aje ya ukweli?"

"Tunaenda kwa wenyewe."

Nikaandika anwani ya watengenezaji mimi mwenyewe, herufi kwa herufi, na ukurasa wao ndio ukatupeleka kwenye duka la brauza. Hata hapo nilimfanya asome jina la aliyekitengeneza na idadi ya watu wanaokitumia kabla ya kubonyeza. Nenosiri alilitunga yeye, refu, mimi nikitazama dirishani. Kisha yakatokea maneno kumi na mawili ya Kiingereza, maneno ya kawaida ya kitabu cha mtoto wa shule, na nikamweleza polepole kwamba hayo ndiyo waleti yenyewe. Laptop ikiibwa, maneno hayo yatairudisha waleti kwenye laptop nyingine. Mtu mwingine akiyapata, hahitaji laptop wala nenosiri. Asiyapige picha kwa simu, asimtumie mtu, na yeyote atakayemwomba, hata akijiita kampuni, ni mwizi. Akayaandika kwa kalamu kwenye karatasi, kwa mwandiko wake ule aliokuwa akiandikia tarehe nyuma ya picha, akayapitia tena moja moja.

Kisha akaninyooshea karatasi. Na mimi, baada ya mahubiri yote hayo, nikaipokea nikauliza, "Kopi ngapi?"

"Mbili. Na hii yenyewe uipige lamineti."

Ndivyo tulivyolelewa. Huku kwetu karatasi ya maana haiachwi peke yake. Kitambulisho, cheti cha ubatizo, hati ya kiploti cha Murera, kadi ya kliniki, vyote ni kopi mbili na plastiki ya lamineti juu, na mikono yangu imefanya kazi hiyo miaka mingi bila kuniuliza ruhusa. Kopi ya kwanza ilitoka imepinda, nikaitupa kwenye katoni ya karatasi mbovu, nikatoa mbili nzuri. Gichuru akamtumia Nadira anwani ya waleti kwa barua pepe. Tukaagiza chai na mandazi, tukaanza kukumbushana nani amekufa na nani bado anatembea.

Ilikuwa saa saba alipoipapasa mfukoni bahasha ya karatasi zake na kusema, ametulia kabisa, "Kwa hivyo haya maneno ni mimi peke yangu niko nayo."

"Wewe peke yako," nikasema, na nilipokuwa bado nasema nikageukia katoni ya karatasi mbovu.

Katoni ilikuwa tupu. Mbithe, yule anayekaanga njugu pale stage ya matatu, hupita kila adhuhuri kuchukua karatasi zangu mbovu za kufungia. Nimempa mwenyewe miaka saba, na siku nyingine humtania kwamba njugu zake zina elimu.

Tulitoka mbio, kama watu wa umri wetu wanavyoweza kuziita mbio. Mbithe alikuwa nyuma ya jiko lake, njugu zimepangwa mstari kwa mstari, kila fungu limeviringwa karatasi.

"Mbithe, karatasi za leo ziko wapi?"

"Si ni hizi, mathe. Zingine zishaenda."

"Kuna moja iko na maneno kumi na mbili ya Kizungu, imeandikwa na mkono."

"Mama Ciku, zote ziko na Kizungu."

Nikanunua mafungu yote yaliyobaki, tukayafungua hapo hapo kwenye beseni. Tulipata barua ya kuomba kazi ya kijana wa Kalimoni, ratiba ya harusi ya mwezi uliopita, na nusu ya ripoti ya mkutano wa chama cha akina mama. Ya Gichuru haikuwemo. Mbithe alikadiria ameuza kama hamsini, nyingi kwa wasafiri wa kwenda Thika. Gichuru alisimama pale na maganda ya njugu kwenye koti lake zuri.

"Aliyenunua anataka njugu tu," akasema. "Karatasi atatupa."

"Pengine. Na pengine ataokota mwingine anayejua orodha kama hiyo ni ya nini. Wewe ungelala na studio wazi kwa sababu pengine hakuna mwizi?"

Akakung'uta koti lake. Tuliporudi nilimwambia waziwazi kwamba nimekosa, na niliona aibu kubwa. Kuna daftari kwenye kaunta yangu ambamo wateja wangu wa tangu zamani waliniachia nenosiri zao zote, za kodi, za barua pepe, za shule za watoto, kwa sababu ilikuwa rahisi Mama Ciku akumbuke kuliko wao. Wengine nimewazika. Siku nyingine nalifunua nayasoma majina tu, kwa mapenzi, na sijawahi kuipoteza hata siri moja ndani yake. Ile ya Gichuru nimeifungia njugu.

"Ni mimi nilisema kopi," akasema.

"Na mimi ndiye fundi. Nyamaza nifikirie."

Dawa ilikuwa moja. Kuongeza akaunti ndani ya waleti ile ile kusingesaidia, maana ingebaki chini ya maneno yale yale yaliyokuwa yanasafiri na njugu. Tukaiondoa kabisa, tukaanza nyingine tangu mwanzo, na nikazikatakata kwa makasi zile kopi mbili pamoja na ya lamineti. Maneno mapya yalipokaribia kutokea nikatoka nje nikafunga mlango nyuma yangu. Nilisimama kwenye baraza kama mtu aliyefukuzwa kwake, nikamwacha aandike peke yake na ajue peke yake atakapoiweka. Alipomaliza akamwandikia Nadira anwani mpya na kumwomba aisahau ya kwanza.

Saa kumi kasorobo Nadira akapiga, kwa video. Alikuwa msichana mwenye uso makini, miwani, na nyuma yake nikayaona masanduku, yale yale ya kadibodi yenye mwandiko wa Gichuru.

"Shikamoo mzee. Nimepata barua mbili, anwani mbili, siku moja. Hivyo ndivyo wezi hufanya. Na sijawahi kukuona. Mtu yeyote anaweza kukaa hapo akaniambia yeye ndiye Gichuru."

"Ni kweli," Gichuru akasema.

"Basi nitakuonyesha picha nilizosafisha kutoka kwa negative zako. Mwenye picha atazijua."

Ya kwanza ilikuwa ya mwanamume na baiskeli. Gichuru akacheka. Akasema huyo ni Mbaluka, alikuwa akija kila Desemba kupigwa picha awatumie nyumbani, na baiskeli haikuwa yake. Nadira akaangalia nyuma ya bahasha, akatikisa kichwa kukubali.

"Na hii? Ilikuwa chini kabisa ya sanduku la nne, kwa bahasha yake peke yake. Haina jina, haina namba."

Akaileta karibu na kamera. Msichana wa miaka ishirini, blauzi nyeupe, nywele zimechanwa nyuma, kichwa kimeinama kidogo, anamchekea mtu ambaye haonekani kwenye picha. Nilimtambua polepole, kwa ile blauzi kwanza, kwa sababu nilikuwa nimeishona mwenyewe. Picha hiyo sikuwahi kuiona maishani mwangu.

Gichuru akaivuta laptop karibu, akaisukuma tena. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Jibu nilikuwa nalo, na singeweza kulitoa: nikifungua mdomo, majibu yote yanakuwa yangu, na pesa haziji.

"Mzee, kama humjui sema tu," Nadira akasema, kwa upole wa mtu aliye karibu kukata simu.

"Namjua," akasema. "Shida ni kwamba yuko hapa."

Akakohoa. Kisha akaongea na ile skrini bila kugeuka hata mara moja.

"Anaitwa Wamboi. Alikuwa na taipu mlango wa pili. Alikuja kupiga picha ndogo za fomu, nne. Kwa film ilibaki moja. Nikamwambia inamisha kichwa kidogo, taa haijakaa sawa. Taa ilikuwa sawa. Mwaka huo huo akaolewa na mtu mzuri, basi sikumpa, na sikuitupa. Hiyo haikuwa ya kuuza, Nadira, iliingia tu na zingine. Kata bei yake, unirudishie."

Nadira alinitazama mimi, akaitazama picha, akanitazama tena. Akasema hatakata kitu, na bahasha itapanda ndege wiki ijayo. Akatuma kiasi kidogo kwanza, tukakiona kimeingia, kisha akatuma zote. Gichuru alizisoma tarakimu mara tatu, akafunga laptop, akaanza kuizungushia taulo.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu mzuri kweli, nilimpenda mpaka siku niliyomzika, na hilo halibadiliki. Lakini nilikuwa nimekaa na jambo moja miaka yote hiyo nikidhani ni langu peke yangu, na sikuona tena sababu ya kulificha.

"Gichuru," nikasema. "Taa ilikuwa sawa. Niliiona. Na nikainama."