Mashati Kumi na Moja ya Mheshimiwa

Mimi ni mfuaji nguo wa nyumba ya wageni ya kando ya ziwa, hapa Gisenyi. Nikikwambia kwamba kuna wakati watu wa mji huu walikuwa wakiisoma kamba yangu ya nguo zaidi kuliko walivyosikiliza redio, usidhani najisifu. Ningefurahi sana kama wangeangalia kamba ya mtu mwingine.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa tisini na nane. Milio ya risasi ilikuwa ikisikika kutoka upande wa Cyanzarwe, watu walikuwa wakilala na viatu miguuni, na hakuna aliyethubutu kuuliza wazi kama kuna vita vingine vinakuja. Swali hilo lingeweza kukupeleka mahali ukaulizwa maswali wewe. Wakubwa nao walikuwa wakisafiri mno siku hizo, leo Goma, ng'ambo ya mpaka, kesho Addis Ababa, keshokutwa Ulaya, na kila mara redio ilisema mazungumzo yamekwenda vizuri. Kuna waliosema wanatafuta amani. Kuna waliosema, kwa sauti ya chini, wanatafuta posho. Lakini wote tuliziogopa safari hizo, maana hatukujua kama mkubwa akipanda gari lake anakwenda kuzima moto au anaukimbia.

Kwa hiyo wanawake wanaovuka barieri ndogo, kile kizuizi cha mpakani cha waenda kwa miguu, kwenda kuuza Goma walijitafutia njia yao ya kujua. Kila ujumbe wa wakubwa wa mazungumzo ulilala kwetu kabla ya kuvuka, na kamba yangu inaonekana kutoka barabara ya Rubona, juu ya ua wa minyaa. Mwaka wa tisini na sita ujumbe mmoja uliondoka na nguo mbichi, zinachuruzika maji, ukazisokomeza kwenye mifuko ya nailoni. Siku ya pili yake mabomu yakaanza kulia ng'ambo. Mwaka uliofuata mkubwa mwingine alikwenda wiki mbili, akaacha suti mbili na pajama, akarudi kuzichukua, na mpaka ukatulia muda wote huo. Basi ikawa sheria. Nguo zikiwa kambani, mwenyewe atarudi, na kama atarudi hakuna hatari, vukeni. Kamba ikiwa tupu, kaeni na watoto wenu. Na kuulizia nguo hakujawahi kumpeleka mtu jela.

Mwanzoni niliwacheka. Halafu nikaamini kuwashinda wote, kwa sababu kamba ilikuwa yangu na ilinipendeza kuulizwa.

Alhamisi moja akaja Mheshimiwa, waziri aliyekuwa akienda kwenye mazungumzo Goma. Alikuwa ametoka kwenye safari ndefu, akaja na mashati kumi na moja machafu. Alikuwa mtu wa mwili: shati lake ukilitandika, watoto wawili wanalala. Ijumaa asubuhi alivuka kwa barieri kubwa na magari sita, wanafunzi wamepangwa barabarani wanapunga vibendera. Kabla ya kupanda gari alimwambia msimamizi wetu, Rutagengwa, kwamba mashati yawe tayari Jumatatu. Nilisikia kwa masikio yangu haya, nimesimama pale na kikapu.

Jumamosi asubuhi yalikuwa yameshaning'inia yote kumi na moja, na mdogo wangu Murekatete akaja kusimama nje ya ua na beseni la maharage kichwani. Hakuwa mwoga, Murekatete. Lakini asubuhi ile uso wake haukuwa uso wake.

"Yaya," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "Mugabo anakataza nisiende. Anasema kule Goma basoda ya bunduki banazunguka mingi sana tangu jana. Mashati iko?"

Mugabo ni mume wake, fundi baiskeli wa Rugerero, mtu wa maneno machache. Nilimwona shemeji yangu kama mtu anayeogopa kivuli chake.

"Angalia we mwenyewe," nikasema. "Iko yote. Mutu anaweza kuacha mashati kumi na moja?"

"Hapana."

"Basi unaogopa nini? Amesema Jumatatu."

"Na kama kitu inabadilika?"

"Kama kitu inabadilika, yeye njo wa kwanza kujua. Angetuma dereva kuchukua nguo yake."

Akayatazama mashati muda, midomo yake inatembea. Alikuwa anayahesabu. Kisha akacheka, nikaliona lile pengo la jino lake la mbele, akaliweka beseni sawa.

"Bon. Mi naenda. Nitakuletea sabuni ya kule, hii yako inanuka."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kwake. Nilimtazama akishuka barabara ya mpakani, nikarudi kwenye karai langu nikiwa na furaha, ndiyo, na furaha, kwamba mtu kama Mugabo amekosea na mimi nimepatia.

Saa sita na robo risasi zikalia ng'ambo. Si moja wala mbili. Nilidondosha nguo ndani ya maji na kukimbia na mapovu mikononi. Kwenye barieri ndogo watu walikuwa wakivuka kuja kwetu wakikanyagana, mabeseni yamemwagika, nyanya zimepondeka chini ya miguu, na askari wakipiga kelele kwamba wanafunga. Nilisimama nikitazama kila uso. Nilimwona Joanita, muuza nyanya, akipita na mtoto mgongoni na kiatu kimoja. Nilimshika mkono nikamuuliza kuhusu Murekatete, naye akatikisa kichwa tu. Ule mti wa barieri ukashushwa mbele ya macho yangu.

Mugabo alifika jioni ile kwa baiskeli, amelowa jasho. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa. Hakunitukana. Alisimama nje ya ua palepale aliposimama mke wake, akaitazama kamba.

"Shemeji, mashati ingali?"

"Ingali."

"Basi na Murekatete atarudia," akasema. Akaegemeza baiskeli kwenye minyaa, akakaa chini.

Afadhali angenipiga.

Jumapili asubuhi nikapata wazo. Niliyapiga pasi mashati yote, nikayapanga kikapuni, nikafunika kwa kitambaa cheupe na kwenda barieri. Nilijua askari wetu: jina la mkubwa linafungua mlango uliofungwa kwa minyororo. Nitavuka na nguo za Mheshimiwa na kurudi na mdogo wangu amebeba kikapu. Nililirudia neno langu njia nzima.

Askari aliyenisimamisha alikuwa kijana wa watu waliorudi kutoka Tanzania, anaongea kile Kiswahili chao kilichonyooka.

"Shikamoo, mama. Unakwenda wapi na hali hii?"

"Napeleka nguo ya Mheshimiwa. Anaingojea."

Akafunua kitambaa, akatazama. Akageuka nyuma kuona kama wenzake wako mbali, kisha akainama karibu na sikio langu.

"Mama, Mheshimiwa hayuko Goma. Alipanda ndege Ijumaa ileile jioni, akaenda Ulaya. Hakulala ng'ambo hata usiku mmoja."

"Haiwezekani. Mashati yake iko hapa."

"Mama yangu, yule ana mashati Kigali, ana mashati na huko Ulaya. Hawezi kurudi Gisenyi kwa ajili ya shati. Nenda nyumbani. Na mimi sikukuambia kitu, umesikia?"

Nilisikia. Nilikaa kwenye jiwe kando ya barabara. Nina magauni mawili mimi, moja la kazi na moja la kanisani. Nikilisahau moja Rubona nitarudi Rubona kwa miguu, hata kama mvua inanyesha, hata kama kuna risasi. Nilimpima waziri kwa magauni yangu mawili. Wale wanawake wote walimpima hivyohivyo, kila mmoja na kitenge chake kimoja cha Jumapili, na hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani anayeweza kuacha mashati kumi na moja na asiyakumbuke.

Niliporudi, Mugabo alikuwa palepale nje ya ua. Alinitazama, akakitazama kikapu. Niliyatoa mashati yaliyopigwa pasi nikayaanika tena, moja baada ya moja.

"Hayo si makavu?" Rutagengwa akaniuliza kutoka mlangoni.

"Yana unyevu," nikasema.

Nikaendelea hivyo siku tisa. Asubuhi naanika, jioni naanua, na kila asubuhi Mugabo anapita kwanza kwangu, anayatazama, ndipo aende kukaa barieri mpaka jua linazama. Siku ya nne Rutagengwa aliniita akasema simu imekuja kutoka Kigali: Mheshimiwa amesema mashati tugawane sisi wafanyakazi. Mlinzi wa mlangoni akatabasamu, ameshaanza kujipima kwa macho. Niliwashika mikono wote wawili, nikawaomba wangoje. Niliogopa siku Mugabo atakapomwona mlinzi wetu amevaa shati lile. Niliogopa kumtaja yule askari. Zaidi niliiogopa kamba yenyewe ikiwa tupu, kwa sababu hata mimi niliyeujua ukweli nilikuwa nikiyatazama mashati asubuhi na kusikia moyo unatulia kidogo. Hebu fikiria upumbavu huo.

Siku ya kumi wakatangaza barieri ndogo itafunguliwa kwa muda wa saa tatu tu, kwa wenye biashara. Ng'ambo kulikuwa kimya, ule ukimya usiomdanganya mtu. Nilitoka na kikapu changu nikayaanika kama kawaida, na nilipofika shati la mwisho nikasikia sauti za watu barabarani.

Walikuwa kama ishirini, na mabeseni, wamesimama nyuma ya ua. Walikuwa wanatazama kamba tu. Joanita alikuwa mbele, mtoto mgongoni, miguuni ndala mpya. Nikaona midomo yake inatembea.

"Kumi na moja," akawaambia wenzake. "Iko yote. Atarudia tu. Twende."

Wakaanza kuinua mabeseni. Na pembeni, ameshika baiskeli, alikuwapo Mugabo, naye anayatazama.

Nikinyamaza, hawa wanakwenda. Nikisema, yule pale anakufa amesimama.

"Joanita! Simama!"

Akageuka. Nikashika kibanio cha kwanza, nikakitoa, shati likaanguka mkononi mwangu. Nikatoa la pili. Nikatoa la tatu. Nilisikia mwanamke mmoja akisema "Mungu wangu" kwa Kinyarwanda, na beseni likishushwa chini.

"Hatarudia," nikasema, bila kumtazama mtu. "Alienda na ndege zamani, hata kabla ya risasi. Mashati anatupea sisi. Mi nilijua siku mingi. Murudie nyumbani."

Hakuna aliyenitukana. Joanita alimshika mtoto wake matako kwa mikono miwili, akanitazama, kisha akapanda barabara kurudi alikotoka. Wengine wakamfuata.

Nikaendelea kuanua. Nilipofika shati la kumi na moja, lililo karibu kabisa na ua, lilikataa kuja. Mugabo alikuwa amepitisha mkono kati ya minyaa, utomvu unamchuruzika hadi kwenye kiwiko, ameshika mkono wa shati.

"Shemeji," akasema. "Acha moja."

"Mugabo."

"Acha moja tu."

Nilivitoa vidole vyake, kimoja kimoja. Vilikuwa na grisi ya baiskeli, na shati lilichafuka. Nikalitia kikapuni pamoja na mengine kumi.